Waachie Mafundi

Sentensi ninayoichukia kuliko zote katika Kiswahili cha wasomi ina maneno matatu: "Hiyo waachie mafundi." Husemwa kwa upole, mara nyingi na mtu mwenye shati safi, na anayeisema hudhani anamheshimu fundi. Hamheshimu. Anachosema ni kwamba kuna kazi za kichwa na kuna kazi za mikono, kwamba yeye alishagawiwa upande wake siku ya mahafali, na kwamba grisi ni ya waliofeli hesabu. Nitabishana na sentensi hiyo kwa kutumia ekseli ya nyuma ya Land Rover. Nimeichagua kwa sababu ndiyo niliyoishika, na kwa sababu hesabu na mikono vikitenganishwa ndani ya ekseli, watu hupoteza mali, na wakati mwingine hupoteza roho.

Nyumbani kwetu Arusha tuna Land Rover 110 ya mwaka 1991. Si gari la maonyesho. Oktoba 2024, mji huu ulipojaza barabara zake Land Rover kwa mamia na watu wakapiga picha mpaka simu zikazima, letu halikuwepo. Lilikuwa uani juu ya stendi, bila ekseli ya nyuma, na mimi nilikuwa chini yake nikiisikia misafara ikipiga honi. Gari hilo ndilo linalomlisha mama. Hununua vitunguu Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi, akavipandisha Karatu, akavishusha ukutani Mto wa Mbu, akaviuza mjini. Ada yangu ya chuo, miaka mitatu ya takwimu, ilisafiri ndani ya magunia hayo.

Mwanzoni mwa mwaka huo gereji moja ya mjini ilitubadilishia difu ya nyuma. Ya zamani ilikuwa inalia, wakasema, na wao wanayo nyingine, nzima, ya mtumba. Mama akalipa. Risiti iliandikwa hivi, herufi kwa herufi: "Difu nyuma Landrova." Hakuna namba yoyote isipokuwa ya pesa.

Gari likatembea. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba lilitembea. Lilikuwa na joto lisilo la kawaida katikati, chini ya viti, na mlio kama wa nyuki ukizidi mwendo wa kilomita 50, na gereji ikasema gia mpya zinazoeana. Wakati wa masika, kaka yangu akiwa kwenye usukani na magunia 9 nyuma, aliingia kwenye tope Mang'ola, akafunga difu ya kati kwa ile lever fupi kama kila dereva wa Land Rover anavyofanya, akalitoa gari topeni vizuri kabisa. Mita chache baada ya kufika kwenye changarawe ngumu kitu kikapasuka. Siku 2 mvua ikinyesha juu ya turubai lenye matundu. Anayejua vitunguu vibichi vilivyolowa ndani ya gunia hahitaji nieleze zaidi, na asiyejua ashukuru.

Gereji ilipoambiwa ikajibu kwamba ndivyo magari ya zamani yalivyo. Ikataka shilingi 4,500,000 kwa ekseli nyingine ya nyuma, mbali na matengenezo ya transfa iliyopasuka.

Sasa naomba dakika chache za hesabu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kila difu ina gia mbili kubwa. Pinioni, iliyo ndogo, inazungushwa na propela inayotoka katikati ya gari. Krauni, iliyo kubwa, inapokea mzunguko huo na kuupeleka kwenye shafti za magurudumu. Ukigawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata namba moja. Mafundi wanaiita resho. Shuleni tuliiita uwiano, tukafanya maswali yake darasa la sita kwa kugawana maembe. Kwenye 110 namba hiyo ni 3.54, mbele na nyuma. Kwenye 109 ya zamani, ile ya Series, ni 4.7. Tatizo ni kwamba 109 nyingi na 110 za umri wa letu zina difu ya nyuma ya aina moja, Salisbury, na ukizitazama kwa nje ni mapacha. Tumbo lilelile, kifuniko kilekile. Utumbo wa moja unaingia ndani ya nyingine bila kulalamika.

Sasa fikiria gari ambalo mbele lina 3.54 na nyuma lina 4.7. Magurudumu yote yanakanyaga barabara moja, kwa mwendo mmoja, lakini propela ya nyuma inalazimika kuzunguka theluthi moja zaidi ya ya mbele. Kwa kuwa 110 huendesha magurudumu yote manne muda wote, tofauti hiyo inamezwa na difu ya kati ndani ya transfa, ambayo iliwekwa pale kumeza tofauti ndogo za kona, si kusaga bila kupumzika kutoka Karatu hadi Arusha. Ndiyo maana ya lile joto. Ndiyo maana ya wale nyuki. Ukiifunga difu ya kati, unaziamuru propela mbili zizunguke sawasawa wakati magurudumu hayawezi. Kwenye tope yanateleza, ugomvi unakwisha. Kwenye changarawe hayatelezi, na lazima mmoja avunjike.

Nani alikosea? Fundi wa gereji alikuwa na mikono. Alifunga bolti zote, hakuna hata moja iliyolegea, na kifuniko hakikuvuja tone. Mimi nilikuwa na uwiano kichwani tangu nina miaka 12. Kati yetu wawili kulikuwa na ua wa gereji ambao mimi sikutakiwa kuuvuka kwa sababu nimesoma, na kipande cha chaki ambacho yeye hakuwahi kukishika kwa sababu alishaambiwa hesabu si zake. Vitunguu vya mama viliozea hapo katikati.

Jinsi ya kuijua resho bila kufungua chochote ni hii, na sijui kwa nini haifundishwi pamoja na maembe. Fungua propela. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Inua gurudumu moja la nyuma, jingine libaki chini. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye kikombe cha difu kinachopokea propela. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kikombe. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na difu inapoona upande mmoja umesimama humpa mwenzake mzunguko maradufu. Kaka alihesabu mizunguko 4 na karibu robo tatu. Tukarudia. Tukaenda mbele tukafanya vilevile: 3 na nusu na kidogo. Kazi nzima, pamoja na kutafuta chaki, haikufika saa moja.

Nilirudi gereji na daftari. Sikupiga kelele. Nilimwonyesha mkubwa wao namba mbili, akaniuliza, "Dada, wewe umesomea magari?" Nikamwambia nimesomea takwimu. Akatabasamu kwa yule kijana wake na kusema gari si darasa. Pesa hatukurudishiwa.

Ningeweza kumfanya yeye kuwa adui wa makala hii, na ingekuwa rahisi. Lakini yeye ana mwenzake upande wa pili wa ua, na mwenzake huyo ana shahada. Niliposema nitaitoa ekseli mwenyewe na kufunga nyingine, rafiki zangu wa chuo ndio walioniandama kuliko yeyote. Mmoja, mhasibu, mtu ninayempenda, aliniuliza kwa uchungu wa kweli: sasa ulisoma ili iweje? Kana kwamba elimu ni tiketi ya kutoka uani, na kurudi uani ni kuichana.

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na kiini cha malalamiko yake kilikuwa hiki hiki: shule tuliyorithi inamtenga mwanafunzi na kazi ya watu wake na kumfundisha kuidharau. Tumeijibu mitihani mingi kuhusu waraka huo. Tulitaja madhumuni, tukapata alama, kisha tukaenda kutafuta kazi ambazo hazichafui kucha. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetutoa nje na kutuonyesha kitu kinachozunguka.

Na mafundi nao wamelipa. Uhunzi na umakenika wetu hurithishwa kwa kutazama. Kijana anashika taa miaka mitatu, anaona mkubwa wake akikaza nati "mpaka ikatae", halafu anarudisha "robo". Robo ya nini? Ya nati ipi, yenye uzi wa upana gani? Mkubwa anajua, mkono wake unajua, lakini mkono hauandikiki kwenye karatasi. Akifa, kijana anabaki na neno "robo". Kitabu cha gari, ambacho kimeandika kila kitu hadi sehemu ya mia ya milimita, kiko kwa Kiingereza, na kinapatikana kwa mtu mwenye intaneti na shahada, ambaye amekatazwa kushika spana.

Basi nilikwenda kununua ekseli. Katika uwanja wa vyuma vya mtumba, ekseli ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na vikalio vya springi za vyuma bapa. Letu lina koili. Hiyo ni ya 109, nikasema. Muuzaji akajibu, "Sista, hiyo tunakata, tunachomelea, linakaa." Angeichomelea kweli. Ningeondoka na ekseli iliyokaa vizuri yenye 4.7 ndani yake, na tungerudi Mang'ola kupasuka upya. Ya pili ilikuwa na vikalio vya koili. Nikamwomba aniruhusu kuizungusha. Nikabana habu moja kwa gogo, nikachora chaki, nikazungusha nyingine mara mbili. Vijana wa uwanjani walikusanyika kucheka, na kufikia mzunguko wa tatu walikuwa wanahesabu na mimi kwa sauti, kama watoto wa chekechea. Tatu na nusu na kidogo. Kijana mmoja akauliza kwa nini mara mbili. Nikamweleza kwa vidole. Akasema, "Kumbe!" na akaenda kuijaribu ekseli nyingine bila mimi. Nililipa shilingi 1,600,000.

Kuitoa ya zamani na kuirudisha nyingine ni kazi ya nguvu kuliko akili, nitaipita haraka. Kwenye 110 ekseli ya nyuma imeshikwa na mikono miwili ya chini, fremu ya umbo la A juu, shokabzoba mbili, bomba la breki na propela yenye bolti nne zinazotaka spana ya 9/16, maana Waingereza waliotengeneza gari hili hawakuwahi kuamua kama wanatumia inchi au milimita. Salisbury ni zito. Tulihitaji watu wanne, ubao, na mabomba ya maji ya kuviringishia.

Nitakaa kwenye habu, yaani kile kitovu kinachobeba gurudumu. Kwenye ekseli hii shafti haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kuichomoa gurudumu likiwa limefungwa na gari lisianguke. Uzito wote unabebwa na habu kupitia beringi mbili za koni, zinazotazamana. Zikibanwa mno zinaungua. Zikilegea mno zinagongana, zinakula njia zake, na siku moja gurudumu linakuaga barabarani. Kati ya mno na mno kuna nafasi ndogo, inayokaribia unene wa karatasi moja. Uhai wa anayekaa juu yake uko ndani ya karatasi hiyo.

Beringi za ekseli niliyonunua zilikuwa na rangi ya bluu upande mmoja, alama ya joto kali, na vidonda vidogo kwenye njia zake. Nikazitoa. Beringi ina namba iliyochorwa ubavuni, na namba hiyo ni ya ulimwengu mzima, si ya Land Rover. Huna haja ya kwenda duka la spea za Land Rover na kuinama. Unakwenda duka la beringi, unataja namba, unaletewa. Vikombe vipya nilivilaza kwenye friji ya mama usiku mzima, kando ya samaki, vikasinyaa kidogo; asubuhi nikapasha habu juani na kwa maji ya moto, na vikaingia kwa kugongwa taratibu na kipande cha shaba. Mama alilalamika kuhusu friji. Alikuwa na haki.

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu umakenika. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akiwa bado amevaa koti, akatazama meza yangu. Nikampa shikamoo. "Marahaba binti. Nani amekufundisha kupanga vitu kwa mfuatano namna hii?" Nikasema kitabu. Akavua koti. Tulipofika kwenye nati ya habu, ile kubwa inayotaka boksi spana ya milimita 52, akanionyesha: kaza huku unazungusha habu ili beringi zikae, legeza, kaza tena kidogo, kisha shika habu saa sita na saa kumi na mbili uitikise. Akafumba macho. "Bado," akasema. Nilikuwa nimeazima saa ya kupimia kutoka kwa rafiki anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha. Nikaibandika. Bado, ilisema saa. Akarudisha nati kiasi ambacho sikukiona. "Hapo." Saa ikasema hapo.

Alikuwa hajawahi kuitumia saa ile katika miaka yake yote ya kazi. Aliishika kwa uangalifu kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, akainama, akaitazama sindano ikicheza, akaniambia nilegeze kidogo tena, aone. Kwa nusu saa tulifanya hivyo, mkono wake ukitabiri na sindano ikijibu. Upande wa pili nilikaza mimi, nikiwa nimefumba macho, na yeye ndiye aliyesoma namba. Kama kuna darasa nililowahi kukaa ambalo linastahili kuitwa la takwimu, ni lile.

Kuna jambo dogo linaloonyesha hasara ya utengano huu kuliko hata resho. Ekseli ina tundu la kupumulia, lenye kibomba chembamba. Inapopata moto hewa ya ndani hutanuka na kutoka hapo. Likizibwa na tope, hewa inatafuta njia nyingine, nayo ni kwenye sili. Inazisukuma, oili inapita, inaingia kwenye ngoma ya breki. Kinyume chake, ekseli ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa inasinyaa, na kama tundu limeziba maji yananyonywa kupitia sili zilezile, mpaka oili inakuwa kama chai ya maziwa. Ekseli yetu ya zamani ilikuwa hivyo. Kwa mwaka mmoja tulibadilishiwa sili mara 2 na viatu vya breki mara 1, kwa sababu vilikuwa vimelowa oili. Hakuna aliyetazama kibomba. Nilikizibua kwa waya. Sasa kumbuka kwamba mama alikuwa anashuka ukuta wa Mto wa Mbu, kona baada ya kona, na karibu tani moja mgongoni, na breki za upande mmoja wa nyuma zimepakwa mafuta.

Najua hoja zinazokuja. Ya kwanza: utajiua. Ni hoja ya kweli na sitaikebehi. Breki ya mkono ya 110 haishiki magurudumu. Inashika propela, pale inapotoka kwenye transfa. Ukifungua propela ya nyuma, huna breki ya mkono kabisa. Hata usipoifungua, ukiinua gurudumu moja la nyuma difu inaliacha lizunguke, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki huku umevuta mkono mpaka mwisho. Kuna watu wamelala chini ya magari wakiamini lever ile. Kwa hiyo mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, stendi za chuma chini ya fremu, na kamwe usiweke gari juu ya tofali za saruji. Tofali haikupi onyo, inasagika mara moja. Lakini angalia hoja hiyo inatoka wapi. Kijana wa gereji analala chini ya tofali kila siku na hakuna anayemwandikia insha. Kama kazi ni ya hatari, dawa si kumwachia aliyesoma kidogo aifanye kwa niaba yetu.

Ya pili: unawanyang'anya mafundi mkate. Transfa sikuigusa; niliipeleka kwa fundi mwingine, nikamlipa bila kubishana, na nikasimama pembeni nikimwomba anitajie kila anachopima. Wala krauni na pinioni sikuzifungua, kwa sababu kuitoa difu ya Salisbury ndani ya tumbo lake kunataka kifaa cha kulitanua tumbo hilo kwa sehemu ndogo ya milimita, na mimi sina. Nilifungua kifuniko, nikapaka meno machache rangi, nikazungusha, nikaona mguso uko katikati ya jino, nikafunga. Mteja anayejua kipimo hamnyimi fundi mzuri mkate. Anamnyima yule anayeandika "difu nyuma Landrova".

Ya tatu ndiyo ya kisomi zaidi: muda wako una thamani kubwa kuliko huo. Ningependa kumjua anayeununua. Wengi wetu tuliohitimu tuna muda mwingi usio na mnunuzi, tunautumia kutuma barua za maombi na kutazama video za watu wa nchi nyingine wakitengeneza vitu. Beringi, sili, viatu vya breki na oili vilinigharimu 640,000. Toa hesabu mwenyewe kutoka ile milioni nne na nusu, kisha uniambie saa yangu ya Jumamosi ilikuwa na thamani gani.

Na haraka ipo, maana chombo chenyewe cha kujifunzia kinaondoka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ikiwa na ekseli nzima mbele na nyuma, na mpangilio huo ulidumu mpaka gari la mwisho la ukoo wake lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya ya 2019 haina ekseli nzima hata moja. Kila gurudumu linajitegemea, na kompyuta inajua mengi kuliko mwenye gari. Silaumu kiwanda. Linapanda vizuri, nimeambiwa. Lakini huwezi kulizungusha mara mbili na kuhesabu kwa chaki. Toyota ya 70 na Suzuki Jimny bado zimeshikilia ekseli, na zile Land Rover zetu za zamani zitakuwa hapa miaka mingi kwa sababu hatuna namna. Zimejaa Mererani, Ngorongoro, Loliondo. Kila moja ni maabara iliyoegeshwa bure, na vyuo vyetu vinaomba bajeti ya kununua maabara.

Gari limerudi Mang'ola. Joto la katikati limekwisha, nyuki wamenyamaza. Kabla halijaondoka nilichukua rangi nyeupe nikaandika kwenye kifuniko cha difu, kwa herufi kubwa: 3.54. Chini yake tarehe, na namba za beringi. Kaka aliona aibu kidogo, akasema gari limekuwa kama ubao wa darasa. Juzi alilipeleka kuziba pancha Karatu, na kijana aliyeingia chini kuweka jeki akatoka akiuliza ile namba ni ya nini.